Kile kibandiko cha mlangoni kinamwambia nani?



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, filamu na hotuba za wakubwa. Leo naomba nichambue kibandiko. Munakijua wote: duara nyekundu, Kalashnikov nyeusi katikati, na mstari mwekundu unaoikata. Kiko kwenye mageti ya ONG, kwenye hoteli za Ibanda, na siku hizi unakikuta hata kwenye nganda ambako bia bado inapozwa ndani ya ndoo ya maji.

Tuanze na mahali kilitoka. Wengi wetu tulikiona kwanza kwenye vioo vya jipu za mashirika. Pale kinasema jambo la wazi: sisi tulio ndani ya gari hii hatuna silaha, musitupige. Mwenye gari anajisemea mwenyewe, na maneno yake ni ya kweli au ya uongo kufuatana na kilicho ndani ya gari. Sasa kitoe kwenye kioo cha jipu, ukibandike kwenye mlango wa nganda. Picha ni ile ile lakini sentensi imegeuka. Haisemi tena "mimi sina", inasema "wewe usiingie nayo". Imekuwa amri, na amri inataka mtu wa kuisimamia.

Nani anasimamia? Zamu. Na zamu wetu ana tochi, fimbo na koti la mvua. Walinzi wa kampuni za binafsi hapa Kongo hawabebi bunduki. Anayetaka ulinzi wa silaha anaomba polisi. Kwa hiyo tunamweka mtu mwenye fimbo amukataze mtu mwenye risasi.

Kosa la pili liko kwenye picha yenyewe. Nani anakujaka kunywa bia na Kalashnikov ameificha? Ile ni silaha ya kuonekana. Kinachoingia ndani ya nganda ni bastola, nyuma ya mkanda, chini ya shati. Kibandiko kimechora bunduki ambayo kila mtu angeiona hata bila kibandiko, na kimenyamaza juu ya ile ambayo inaingia kweli. Kama ingekuwa kazi ya mwanafunzi ningeandika pembeni: somo halikueleweka.

Nisingesumbuka na haya yote kama si Jumamosi moja ya mwezi uliopita. Tulikuwa watu sita ndani ya nganda moja ya Kasha, kule Bagira. Jina nitaliacha. Kibandiko kiko mlangoni, kimeanza kupauka kwa jua. Tulikuwa tunakula sambaza za kukaanga na kubishana juu ya mpira. Kwenye meza ya karibu alikaa mwanaume mmoja amevaa kiraia, shati nje ya suruali. Akaangusha funguo. Alipoinama kuziokota shati likapanda, na sisi sote tukaona kishikio cha bastola.

Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu akaanza kutazama simu. Mwingine akasema bibi yake anamungoja nyumbani, hana bibi. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumelipa na kutoka, na chupa mbili za Primus tuliziacha hazijaisha. Mwenye kujua hali ya mifuko yetu ataelewa tuliogopa kiasi gani.

Njiani kila mtu akawa shujaa. Huyu anasema angemuambia, yule anasema ni kosa la mama mwenye nganda, mwingine akakumbusha sheria. Sheria ipo kweli: ile ordonansi ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, namba 85/035, raia hawezi kushika silaha bila kibali. Lakini nani kati yetu angemuomba yule mtu kibali? Hatukujua hata kama ni raia au askari. Tukumbuke pia Februari 2025: siku zile kabla M23 haijaushika mji tarehe 16, askari waliokuwa wanaondoka waliacha bunduki na nguo, na watu waliziokota, hata watoto. Tangu hapo si rahisi kusema nani ana nini chini ya shati.

Jumanne saa nne asubuhi nilirudi peke yangu. Mama alikuwa anafagia. Nilimusalimia, nikazunguka-zunguka na maneno ya mvua na bei ya mafuta, mwisho nikasema: mama, tuliondoka mapema Jumamosi kwa sababu ya ile bastola. Akaegemea ufagio.

"Mwanangu, ni weye wa kwanza kuniambia hivi. Bengine banaendaka tu. Miye minaona viti viko wazi, minawaza pengine bia yangu haiko baridi."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma chuoni. Sisi tulidhani kuondoka kwetu ni ujumbe. Tulipiga kura na miguu, tukajisifu, na mwenye kuhesabu kura hakujua tunapigia nini. Mwezi mzima yeye alikuwa anahangaika na barafu.

Nikamuuliza kibandiko alikiweka kwa nini. Akacheka: aliyemuuzia rangi ya ukuta alimupa bure, na kinapendeza. Halafu akanipa hoja ambayo sikuwa nimejiandaa nayo.

"Ule papa anasemaka. Anasema na makuta. Anakunywesha meza muzima. Na tangu anakuyaka hapa, wezi habajafika hata mara moja. Hiyo nayo utaijibu namna gani?"

Hapo, ndugu zangu, tusijibu haraka. Anayeishi Kasha anajua usiku ukoje. Mama anayelala na pesa za mauzo ya Jumamosi chini ya godoro ana sababu ya kufurahi kwamba mtu mwenye bastola anajulikana kuwa mteja wake. Kumuambia tu "silaha ni mbaya" ni kumutukana. Yeye amepima. Upande mmoja kuna mtu anayelipa na anayetisha wezi, upande wa pili kuna watu wanaokunywa kidogo, wanaondoka mapema na hawasemi kwa nini. Ungekuwa weye ungechagua nani?

Nilimujibu kwa habari ya Nairobi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo karibu. Tarehe 17 Januari 2020, alfajiri, ndani ya klabu moja ya Kilimani iitwayo B-Club, mpiga muziki anayejulikana kama DJ Evolve alipigwa risasi shingoni. Kamera za klabu zilirekodi na video ikazunguka Afrika Mashariki yote. Wengi wenu muliiona. Mbunge Babu Owino alishtakiwa kwa jaribio la kuua. Shitaka hilo likaondolewa, na Desemba 2023 mahakama ikamwachilia kwa lile la utovu wa nidhamu akiwa na silaha. Simuhukumu mtu ambaye mahakama imemuachilia. Ninachokitazama ni ule ukumbi. Nairobi si Kasha: kule kuna kamera, kuna walinzi, kuna bodi ya serikali inayotoa vibali vya bastola. Na bado risasi ililia mahali pa kunywa na kucheza, na aliyeumia ni yule aliyekuwa kazini. Kibali kinasema mtu alikuwa na akili timamu siku alipokiomba. Hakisemi kitu juu ya chupa ya sita.

Mama alisikiliza. Akauliza kama yule DJ alipona. Nikamuambia aliishi, lakini mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Akaendelea kufagia.

Sasa nitoke Kasha kidogo, niende mbali, kwa sababu kuna watu ambao waligombana juu ya jambo hili hili waziwazi. Marekani, majimbo mengi yanaruhusu raia kutembea na bastola, na mwenye duka anabaki na uamuzi kama iingie kwake au isiingie. Huko wateja ndio wanabishana na wenye maduka. Mwaka 2013 kampuni ya kahawa ya Starbucks ilijikuta katikati: akina mama wanaopinga bunduki waliwaambia watu wasinywe kahawa yake siku za Jumamosi, na wapenda bunduki, upande wao, wakapanga siku ya kwenda kuishukuru, wakaingia na bastola zao. Mwezi wa Septemba mkubwa wa kampuni, Howard Schultz, aliandika barua ya wazi akiomba wateja waache bunduki nyumbani. Aliomba, hakukataza. Na sababu yake ndiyo iliyonigusa: kukataza kungemaanisha mfanyakazi anayemimina kahawa asimame mbele ya mtu mwenye silaha amuambie atoke, na kazi hiyo hakutaka kumupa mtu yeyote. Ni zamu wetu na fimbo yake, kwa mavazi mengine.

Wapenda bunduki nao hawakukaa kimya. Walichapisha kadi ndogo za kumuachia mwenye duka anayekataza: hakuna bunduki, hakuna pesa. Sikubaliani nao, lakini naheshimu kadi. Mwenye duka akiisoma anajua nani ameondoka na kwa nini. Yule papa wa Kasha, pamoja na meza anayoinywesha, anaandika kadi hiyo kila Jumamosi. Sisi hatujawahi kuandika ya kwetu.

Na kule Texas sheria imechambua bango kwa ukali kuniliko mimi. Bango la kukataza bastola iliyofichwa lina kifungu chake, 30.06, na la bastola inayobebwa wazi lina kifungu kingine, 30.07. Maneno yamewekwa na sheria yenyewe, yaandikwe kwa Kiingereza na kwa Kihispania, herufi zisipungue inchi moja. Unaweza kucheka, lakini aliyetunga aliuliza swali ambalo kibandiko chetu hakijiulizi: huyu ninayemwambia, atasoma? Ataelewa kwamba ni yeye?

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, alisoma rasimu ya maandishi haya akaniambia: unatuletea Texas, hapa mtu akisema anakufa. Ana haki. Sitamuambia msomaji wa ukurasa huu amfuate mwenye bastola mezani kwake. Msifanye hivyo. Lakini huo si usemi ninaouzungumzia. Jumanne saa nne asubuhi mwenye bastola hayupo. Yupo mama na ufagio. Kumuambia mama kulinigharimu nauli ya motari na aibu kidogo, basi. Tumezoea kuita kila ukimya wetu hofu, hata ule ambao ni uvivu wa kurudi siku ya pili. Na tukisema, tusiseme kama watu waliotoka kwenye semina. Mama anataka kujua ni wangapi, wanakunywa nini, na kama watarudi.

Tulirudi watu watano. Wa sita alisema ana kazi, nimemusamehe. Tulimuambia mama hivi: sisi tunapenda hapa, sambaza zako ni nzuri, tutakuja kila Jumamosi na tutaleta wengine, ila ndani tusikae na silaha. Akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Akitoa, ataweka wapi?" Kwenye hospitali za MSF mwenye bunduki anaiacha getini, hata kama ni komanda, na kuna mtu na utaratibu wa jambo hilo. Kwenye nganda, mama akiipokea bastola na kuiweka chini ya meza ya pesa, tayari amekuwa mtunza silaha. Ikipotea ni yeye. Ikikutwa ni yeye. Tulibishana saa nzima, na mmoja wetu alitaka kununua sanduku la chuma, mpaka mama akamuuliza nani atabaki na ufunguo.

Mwishoni yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Kuna benchi inje, chini ya mparachichi. Mwenye silaha atakunywa pale, bia ni ile ile na bei ni ile ile, asinyanganywe kitu wala asifukuzwe. Tulichukua kipande cha karto tukaandika kwa herufi kubwa kupita za Texas. Mimi nilitaka "Wateja wanaombwa kwa heshima". Mama akakataa, akasema hiyo ni barua ya ofisi. Mwingine alitaka tuongeze Mashi. Mama akasema Kiswahili inatosha, bote banaisikiaka. Ikabaki hivi: BASTOLA NA BUNDUKI TUNAZIGAWIA BIA INJE. WATEJA NDIO WAMEOMBA.

Sentensi ya pili aliidai yeye. Hakutaka amri iwe ya kwake peke yake. Nilipoisoma mara ya tatu ndipo niliona kwamba ametuweka sisi mlangoni, na majina yetu nusu.

Kibandiko cha zamani hakukitoa, anasema kinapendeza. Karto bado haijatundikwa. Iko nyuma ya mlango wa stoo, maana mama ameweka sharti: "Minaweza kuiweka. Lakini siku ule papa ataisoma, mukuwe hapa, si watano tu. Mukuwe bengi, mukunywe, musiangalie simu."

Ni Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni. Wenye kujua ni wapi wanajua. Wengine muniandikie kando.