Ukoo wa du Bellay: Ndimi Zilizotangulia Panga

Ukoo wa du Bellay wa Ufaransa unastahili pongezi kwa kuufanya ujumbe wa kifalme kuwa kazi ya elimu na subira. Guillaume, aliyefariki mwaka 1543, alijadiliana na watawala wa Kiprotestanti wa Ujerumani kwa niaba ya mfalme Mkatoliki, François wa Kwanza. Nduguye Jean, aliyefanywa kardinali mwaka 1535, alitumwa London na Roma, na safarini Roma alimchukua mwandishi Rabelais awe tabibu wake. Atakayesema walitumikia maslahi ya mfalme tu, huku Waprotestanti wakichomwa moto Paris, ana hoja. Lakini wahenga walisema mjumbe hauawi, kwani akiuawa yeye, mazungumzo nayo hufa. Ndugu hawa waliyaweka hai.