Mjinga na Mpambe katika Kamusi

Kamusi kadhaa humfasiri mjinga kwa mpumbavu, kana kwamba ni mtu mmoja. Fasiri hiyo haitoshi. Mpumbavu amepungukiwa na busara. Mjinga hajapata kujua tu, naye aweza kufunzwa. Zamani watu wa pwani walimwita mjinga mtumwa mgeni aliyetoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi. Johnson hakuiacha maana hiyo katika kamusi yake ya mwaka 1939. Kisiwani Mafia, ambako minazi ya mabwana ililimwa na watumwa, neno hili halikupima akili ya mtu, bali lilitaja daraja aliyowekwa. Utumwa ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, tusi likabaki. Basi mtunga kamusi aandikaye kuwa mjinga hana akili huipitisha hukumu ya bwana bila kujua.

Mpambe ameshika njia nyingine. Arusini ana heshima, huandamana na bibi arusi akimtengeneza. Katika siasa amekuwa mfuasi asiye na kauli, karibu na kibaraka. Hata hivyo mpambe wa Rais ni afisa wa jeshi, wala hapana anayemcheka.