Nyuzi 63 kwenye jiko la mkaa

Kuna namba imeingia Bongo kimyakimya, na sasa kila anayejiona fundi wa kuchoma nyama anaitaja: 63. Eti steki ya nguruwe ikifika nyuzi 63 za Selsiasi katikati, unaitoa motoni, unaipumzisha dakika 3, unakula. Ukiiacha zaidi ya hapo wewe ni mtu wa zamani, nyama huijui. Hebu tuikague namba hii kama tunavyokagua namba nyingine hapa: nani aliitoa, aliipimia nyama gani, na inakufaa kiasi gani wewe mwenye jiko la mkaa uani na kilo mbili za kitimoto ulizonunua mtaani.

Aliyeitoa ni Wizara ya Kilimo ya Marekani, Mei 2011. Kabla ya hapo ushauri wao kwa nguruwe ulikuwa nyuzi 71. Hofu ya miaka yote hiyo ilikuwa mnyoo mdogo sana aitwaye Trichinella, anayejificha ndani ya misuli. Mnyoo huyo hufa nyama ikifika kama nyuzi 58, kwa hiyo 71 ilikuwa tahadhari juu ya tahadhari. Ufugaji wao nao ulishabadilika: nguruwe wengi wanakulia mabandani, hawagusi panya wala mizoga, na wagonjwa wachache wanaojitokeza kule siku hizi mara nyingi wamekula nyama ya porini, kama ya dubu. Kuishusha namba kulikuwa sahihi. Ila nyama ya kusaga waliiacha palepale kwenye 71, na hapo ndipo wengi wanaotuletea habari hii kwa Kiswahili wanaponyamaza.

Kwa mlaji, faida ya kushusha ni kubwa. Msuli ni kama mafungu ya mirija iliyojaa maji. Ukiipasha joto, protini ziitwazo miosini zinaanza kujikunja kwenye nyuzi 50 na kitu. Kuanzia nyuzi 60 hivi kolajeni inayozunguka mirija hiyo inasinyaa na kuyakamua maji, kama mtu anayesokota nguo aliyoifua. Ukikaribia 70 protini nyingine, aktini, inakaza pia, na sarara isiyo na mafuta inageuka ubao. Tofauti kati ya 63 na 71 kwenye sarara utaisikia kwenye taya. Kwa hiyo anayekwambia sarara ya nguruwe iliyokaguliwa, ya unene wa vidole viwili, iliyopimwa kwa kipimajoto, itolewe kwenye 63, anasema kweli na mimi niko upande wake.

Sasa hesabu masharti yaliyomo kwenye sentensi hiyo. Sarara. Iliyokaguliwa. Nene. Kipimajoto. Yakiondoka mawili tu, namba inabaki bila miguu. Na kwa hali yetu yanaondoka zaidi ya mawili.

Anza na ukaguzi, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe. Trichinella kwetu Afrika Mashariki anajulikana zaidi kwa wanyamapori kuliko kwa nguruwe wa kufugwa. Wetu ni tegu, Taenia solium. Kwenye nyama anaonekana kama vifuko vyeupe vya majimaji, vikubwa kama punje ya mchele au zaidi kidogo. Nguruwe anayeachwa azurure kijijini, mahali ambapo watu hawana vyoo au hawavitumii, anakula kinyesi chenye mayai ya tegu, na vifuko vinaota kwenye misuli yake. Wafugaji na wachuuzi wanalijua hili, ndiyo maana kabla ya kununua wanamfungua nguruwe mdomo na kumpapasa ulimi. Kipimo hicho kinamnasa mwenye vifuko vingi. Mwenye vichache anapita salama, na aliyenaswa haendi kutupwa. Mara nyingi anachinjwa mahali ambapo mhuri wa daktari wa mifugo haufiki, na bei inashuka kidogo. Ushauri wa Marekani umeandikwa kwa nchi ambayo mhuri upo kabla nyama haijafika dukani. Huwezi kuuchukua mstari wa mwisho wa ushauri huo ukauacha mfumo mzima unaoubeba.

Tuwe wa haki: nyuzi 63 na dakika 3 za kupumzisha ndicho kipimo kinachotajwa na wataalamu wa afya wa Marekani hata kwa tegu. Namba yenyewe haijakosea. Kilichopungua ni nafasi ya kukosea wewe. Vifuko vya tegu vinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 60, kwa hiyo ukilenga 63 umebakiwa na nyuzi mbili tatu tu za usalama. Kipimajoto cha bei rahisi kinaweza kudanganya kwa kiasi hichohicho. Nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kuwa nyuma ya ile uliyoidunga. Na zile dakika 3 si adabu ya mezani, ni sehemu ya mapishi: mnyoo anauawa na joto pamoja na muda, wala si joto peke yake. Pande nene linalitunza joto lake. Vipande vidogo vilivyomwagwa kwenye sahani ya bati barazani, upepo unapiga, vinapoa kabla hujaifungua soda.

Halafu kuna kosa jingine, tena hili linatoka hata kwa watu wenye nia njema ya kuelimisha. Utasikia: ukila kitimoto mbichi, minyoo inapanda kwenye ubongo na unapata kifafa. Nusu kweli. Ukimeza kifuko kilicho hai ndani ya nyama, unapata mnyoo mzima tumboni, tegu lenyewe, ambalo linaweza kuwa na urefu wa mita kadhaa na usijisikie chochote. Vifuko vya kwenye ubongo vinatokana na kumeza *mayai*, na mayai hayakai kwenye nyama. Yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, yanapita kwenye mikono yake, maji, mboga. Tofauti hii si ya kujionyesha darasani. Inabadilisha orodha ya walio hatarini. Mwaka 1992 madaktari walichapisha taarifa ya Wayahudi wa madhehebu ya Orthodox jijini New York, watu ambao nguruwe hawamgusi kabisa kwa dini yao, wakiwa na vifuko hivyo ubongoni. Chanzo kilichoonekana ni wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu. Kwa hiyo hata wewe usiyekula nguruwe, na tuko nao wengi tu wanaosoma hapa, aya hii ni yako. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi ambako tegu limeota mizizi, karibu asilimia 30 ya kifafa kinatokana nalo. Huo ni mzigo mkubwa mno kuuelezea kwa sentensi iliyokosewa nusu.

Na jiulize: kwenye sahani ya kitimoto, nini kinaweza kubeba mayai? Nyama imepita motoni. Kachumbari haijapita.

Turudi jikoni, maana hizi klipu za maelekezo zina mambo mengine ya kujibu. Ndimu kwanza. Wanasema ndimu inalainisha na "inaua wadudu". Asidi ya ndimu inaingia milimita chache tu hata ukiilaza nyama usiku kucha, wakati kifuko cha tegu kinaweza kuwa katikati ya msuli. Haiui kitu huko. Na kulainisha? Nyama ya nguruwe ina pH ya kama 5.6. Ukiongeza ndimu kidogo unaisogeza karibu na 5.2 hivi, mahali ambapo protini zake zinashika maji vibaya kuliko popote. Yaani umeweka ndimu ili nyama iwe laini, na tabaka la juu linatoa maji zaidi. Isitoshe, asidi inachelewesha ule wekundu wa kahawia tunaoutafuta motoni. Paka chumvi saa kadhaa kabla, acha uso wa nyama ukauke, kisha ndimu ikamulie mezani. Utaniambia. Ile ya pombe kali inayoteremshia nyama isiyoiva "ikaue huko tumboni" sitaijadili, inatosha kusema haiui.

Inafuata "kuzifunga juisi". Anayechoma anaitupa steki kwenye moto mkali na kusema anaziba vitundu ili maji yasitoke. Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katikati ya karne ya 19, na bado tunalirithishana. Huhitaji maabara kulikataa. Ile sauti ya *chwaaa* inayoendelea baada ya kugeuza ni ya nini kama si maji yanayotoka? Ukiwa na mizani ya jikoni, pima steki mbili kabla na baada. Moto mkali una kazi nyingine, na kazi hiyo inatosha kuutetea: uso wa nyama ukikauka na kupita nyuzi 140 hivi, sukari na amino asidi zinaungana katika mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, na hapo ndipo ile harufu inayowaleta majirani ukutani inapozaliwa. Uso ukiwa na maji hauvuki nyuzi 100 mpaka maji yote yaishe. Ndiyo maana nyama iliyotoka kwenye mchuzi wa viungo ikatupwa wavuni inatoa mvuke badala ya kuchomeka.

Lakini ushauri ninaouona wa hovyo kuliko wote ni ule wa "dakika tano kila upande". Muda wa joto kufika katikati haupandi sawasawa na unene, unapanda kwa mraba wake. Steki yenye unene mara mbili inahitaji karibu mara nne ya muda. Mchinjaji wetu anakata kwa panga, upande mmoja kidole kimoja, upande wa pili vidole vitatu. Dakika tano za nani hapo? Rangi nayo haisaidii sana. Pinki inaweza kubaki kwenye nyama iliyoiva, na moshi wa mkaa wenyewe unaweza kuupaka uso rangi hiyo. Na kahawia inaweza kuja mapema ukadhani mambo yamekamilika.

Kwa hiyo nawatetea mama zetu. Wanaochemsha nguruwe kwanza, halafu ndio wachome au wakaange, wanachekwa sana na vijana wa kipimajoto. Mimi naona wana akili kuliko tunavyowapa sifa. Nyama ikitokota kwenye sufuria iliyofunikwa, vipande vyote, vinene na vyembamba, vya mfupa na visivyo na mfupa, vinasogea kuelekea joto lilelile, na hakuna anayehitaji kukisia. Kosa ni kumwaga ile supu. Ukiacha maji yakauke, utamu uliotoka unarudi kujipaka kwenye nyama, mafuta yanayeyuka, na ukihamishia wavuni uso unakuwa kahawia upesi. Ndivyo kitimoto kizuri cha kukaanga kinavyofanyika, hata kama mpishi hajawahi kumsikia Maillard.

Na hapa ndipo jambo la sarara linaponirudia. Kwa bei ya mtaani na kwa mkato wa panga, unachopata mara nyingi si sarara. Ni bega, na bega ni nyama nyingine kabisa. Lina mafuta kati ya misuli na kolajeni nyingi, na kwenye nyuzi 63 linakuwa gumu kama raba. Linaanza kulika vizuri ukivuka 75, kolajeni inapoanza kuwa jelatini. Hata Marekani kwenyewe wanajua. Mji wa St. Louis, Missouri, una sifa ya steki za nguruwe zinazokatwa begani, na desturi yao ni kuzichoma kwa mkaa kisha kuziacha zitokote kwenye sosi mpaka zilainike. Hakuna anayesimama 63 pale. Mwenye bega hachagui kati ya usalama na utamu, vyote vinamvuta upande mmoja.

Basi ukiwa na bega: mkaa wote usukume upande mmoja wa jiko. Kama jiko ni lile dogo la duara, moto ukishatulia usogeze wavu utokeze nje nusu. Choma upande wa moto mpaka rangi iridhishe, halafu hamishia upande wa pili, funika na sufuria iliyogeuzwa, uache. Mafuta yakidondokea makaa na kuwaka, hamisha nyama, usiiache ndani ya ndimi za moto. Masizi yale yana kemikali ambazo hatuzitaki. Dunga kipimajoto kwa ubavuni, kwenye sehemu nene kabisa, ncha isiguse mfupa. Huna kipimajoto, chemsha kwanza kama walivyosema mama zetu. Vifuko vyeupe ukiviona kwenye nyama mbichi, irudishe kwa aliyekuuzia na umwambie kwa nini, mbele ya wateja wengine ikibidi.

Kachumbari ikatwe na mtu aliyeosha mikono kwa sabuni, kwenye kibao ambacho hakijapitiwa na nyama mbichi, na nyanya zioshwe kwa maji unayoweza kuyanywa.