Kalongolongo Kwenye Karatasi Moja: Je, Kanuni za Mchezo ni Fasihi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na swali tulilolizoea: Eleza sifa tano za michezo ya watoto. Majibu yanajulikana. Waigizaji ni watoto. Michezo huambatana na nyimbo. Huwa na kanuni. Huchezwa mahali popote. Hukoma watoto wanapochoka, wanapokosana au wanapoitwa na wazazi. Anayeyataja hayo hupata alama zake. Lakini mwombe mtahiniwa huyo huyo aandike kanuni za mchezo mmoja aliowahi kuucheza, hatua kwa hatua, hivi kwamba mtoto wa mtaa mwingine aweze kuucheza bila kumwuliza lolote. Hapo ndipo kalamu husimama.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ukurasa wa kanuni za mchezo ni matini ya fasihi inayostahili kuhakikiwa, na kwamba mchezo wa mtaani unaweza kuchapishwa na kusambazwa bila kuuawa. Hoja yangu kuu ni moja: tukitaka kuuhifadhi mchezo, tuandike kanuni zake zinazouzaa utendaji, tusiishie kunakili utendaji wa siku moja.

Kalongolongo ni nini?

Aliyekulia Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora au Kayole hahitaji kuelezwa. Kalongolongo ni mchezo wa kuigiza maisha ya watu wazima. Mmoja huwa mama, mwingine baba, mwingine mgeni. Mkebe huwa sufuria, matope huwa ugali, majani huwa sukuma wiki na vizibo vya soda huwa pesa. Kwingineko mchezo huu huitwa cha mama na cha baba. Wataalamu wa fasihi simulizi wameuweka katika utanzu wa maigizo, kipera cha michezo ya watoto.

Ajabu ni kwamba mifano inayotolewa darasani aghalabu huwa ya kijijini: watoto mtoni, watoto machungani. Mwanafunzi wa Eastlands huikariri kana kwamba yeye hakuwahi kucheza. Hajui kuwa ngazi za ghorofa na uwanja wa nyuma ya nyumba ni jukwaa vilevile. Wakati huohuo, mitaa kadhaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya. Uwanja ukiondoka, mchezo uliokaa humo huondoka nao, na hatutakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuushuhudia.

Mfano kutoka mbali

Kwingine duniani michezo ya namna hii imekwisha kuandikwa, tena na watu wazima. Mwaka wa 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu kadhaa huketi mezani. Mmoja husimulia hali ilivyo, na kila mmoja wa wengine huchukua nafasi ya mhusika na kusema atakalotenda. Palipo na shaka kama atafaulu, dadu hurushwa. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, zikapangwa kwa mkono nyumbani.

Baadaye vitabu vya michezo hiyo vilinenepa, vikawa vya mamia ya kurasa na bei isiyoshikika. Ndipo watungaji wadogo wakageukia ufupi. Kuanzia 2015, shindano moja liliwataka watungaji waandike mchezo mzima kwa maneno yasiyozidi 200. Mwaka wa 2017, Mwingereza Grant Howitt alitoa Honey Heist, mchezo wa ukurasa mmoja ambamo wachezaji ni dubu wanaopanga kuiba asali. Kila mhusika ana sifa mbili tu: udubu na uhalifu. Michezo ya aina hii husambazwa kwenye intaneti kwa bei ndogo au bure, kisha mwingine huichukua, akaibadilisha na kuisambaza tena.

Je, hilo ni jambo geni kwetu? La, hasha. Mtoto wa Bahati akihamia Umoja huenda na kanuni zake, akawakuta wenzake wana kanuni nyingine, wakabishana, wakaafikiana. Tofauti ni kwamba wenzetu wameandika.

Matini ya kuchambua

Ili tusibaki hewani, nimetunga mchezo ufuatao kwa kufuata mtindo wa kalongolongo. Usome kama unavyosoma shairi la mtihani, yaani mara mbili.

KANJO
Wachezaji watano au zaidi. Vifaa: kipande cha gunia na majani kwa kila muuzaji, vizibo vya soda.
1. Mmoja awe kanjo, mmoja mteja. Wengine ni wauzaji. Kila muuzaji apewe vizibo viwili, aseme anauza nini na nani anamngoja nyumbani. Vizibo vingine vyote ni vya mteja.
2. Kanjo ageuke kisogo, ahesabu kimoyomoyo hadi nambari aitakayo.
3. Muuzaji aliyetandaza gunia amwite mteja. Mteja akipendezwa na maneno yake, ampe kizibo kimoja. Ni marufuku kurudia maneno ya mwenzako.
4. Kanjo akigeuka, ambaye hajakunja gunia amekamatwa. Ajitetee. Wauzaji wenzake waamue: aachiliwe, au amlipe mteja kizibo kimoja.
5. Aliyeishiwa na vizibo huwa kanjo. Kanjo wa zamani huchukua gunia na kupewa vizibo viwili.
6. Mzazi akiita, mchezo umekwisha. Aliyeitwa aseme bidhaa zake anamwachia nani.
Ongeza kanuni moja ya mtaa wenu, kisha mpe mwingine.

Uchambuzi

(a) Muundo. Matini hii haina masimulizi wala mazungumzo. Ikilinganishwa na tamthilia, ni kama tamthilia iliyobakizwa maelekezo ya jukwaa pekee, mazungumzo yote wakaachiwa wachezaji. Vitenzi viko katika hali ya kuagiza: awe, aseme, ajitetee. Kila kitenzi cha aina hiyo ni pengo linalomsubiri mtu. Kwa mintarafu hii, fanani na hadhira hawatengani. Anayesikiliza sasa ndiye atakayenena baadaye.

(b) Uhusika. Tazama kanuni ya kwanza. Ingetosha kusema kila mmoja aseme anauza nini. Maneno "na nani anamngoja nyumbani" ndiyo yanayomgeuza mchezaji kuwa mhusika. Akisema ni mama mgonjwa au mtoto mchanga, kukamatwa kwake katika kanuni ya nne kuna uzito. Maneno manne tu yamefanya kazi ambayo riwaya ingeitengea ukurasa mzima.

(c) Taharuki na fani ya lugha. Muuzaji hapati kizibo bila kutandaza gunia, na akilitandaza yu hatarini. Humo mna mgogoro, na hakuna aliyeusimulia. Umezaliwa na kanuni mbili zinazovutana. Marufuku ya kurudia maneno humlazimisha mchezaji kubuni tashbihi, chuku na utani papo hapo, kama ilivyo katika mchongoano. Kujitetea nako ni ulumbi. Kwa hivyo kipera kimoja kimebeba vipera vingine tumboni, jambo ambalo mtahiniwa analiita mwingiliano wa tanzu.

(d) Kinaya na maudhui. Kanuni ya tano ndiyo moyo wa mchezo. Anayekuwa kanjo ni yule aliyefilisika, na kanjo wa jana anarudi kushika gunia. Mchezo hauhubiri kwamba askari ni mbaya au kwamba muuzaji ni mtakatifu. Unawabadilishia viti, ukamwacha kila mmoja ajionee. Kejeli hii haikuandikwa popote; ukisoma haraka huioni. Hujitokeza unapocheza, na ndiyo sababu nasema kanuni ni fasihi: zina maana ambayo haijatajwa.

(e) Mamlaka. Katika michezo mingi ya mtaani, neno la mwisho ni la mkubwa wao au mwenye mpira. Akikasirika, mpira huenda nyumbani. Ukurasa unampunguzia mamlaka hayo, kwa kuwa hata mdogo kabisa anaweza kuuonyesha na kusema: imeandikwa. Kanuni ya nne huwapa wauzaji wote uamuzi. Hata hivyo mhakiki makini ataona kasoro: mteja ana nguvu kupita kiasi, kwa sababu hakuna anayeweza kupinga ladha yake. Mteja akimpendelea dada yake, nani atamhukumu? Hilo ni pengo la mtungaji, nami sijalificha. Wanafunzi wako walijaze.

Pingamizi

Msomaji atauliza: je, kuandika si kuiua fasihi simulizi? Hoja hii ina uzito. Tukiandika hadithi iliyotambwa jioni moja, tunapoteza sauti, ishara, vicheko na mikatizo ya hadhira, na neno lililobadilika kila usiku linaganda. Ndivyo ilivyo pia tukinakili kalongolongo neno kwa neno: tutapata maneno ya watoto watano wa Jumamosi moja, wala si mchezo.

Ieleweke basi kwamba kuna tofauti kati ya kuandika utendaji na kuandika kanuni. Utendaji ni ugali uliokwisha kupikwa; ukiuhifadhi utachacha. Kanuni ni unga. Watoto wa Dandora wataupika kwa Sheng yao na wa Mombasa kwa Kimvita chao, na hakuna atakayekuwa amekosea. Mstari wa mwisho wa matini yetu, unaomwagiza mchezaji aongeze kanuni, ni mlango ulioachwa wazi makusudi ili mchezo uendelee kubadilika.

Nakiri kwamba ukurasa hauwezi kubeba kila kitu. Kiimbo cha muuzaji na jicho la kanjo havina herufi. Utafiti wa nyanjani hauna budi kutumia kinasa sauti na kamera pia. Ukurasa ni nyongeza.

Kuchapisha na kusambaza

Huhitaji mchapishaji mkubwa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa vyema na kukatwa mara moja katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane. Duka la fotokopi lililo karibu na shule ndilo mtambo wako. Nairobi haikosi watangulizi wa maandishi madogo: Kwani Trust ilitoa vijitabu vya mfukoni vya Kwanini, na jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010, liliwafikia vijana bure kwa lugha ya Sheng kupitia gazeti na vibanda vya M-Pesa. Funzo ni kuwa msomaji kijana huisoma karatasi inayomfikia mkononi, katika lugha anayoielewa.

Yazingatie mambo haya matatu. Kwanza, hakimiliki kwa jumla hulinda jinsi wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Basi andika kwa maneno yako, na useme waziwazi kuwa wengine wana ruhusa ya kunakili na kubadilisha. Pili, taja mtaa ambao mchezo umetoka, lakini usichapishe majina ya watoto wadogo. Tatu, tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa asilia na tamaduni za jamii. Mchezo wenye miiko au wimbo wa miviga usiuchukue bila idhini ya wenyewe.

Tamati

Mwalimu, juma moja la darasa lako linatosha. Wanafunzi wakusanye, waandike, wabadilishane karatasi na darasa jingine, kisha wacheze mchezo wa wenzao bila kuuliza swali. Palipokwama, kanuni haikuandikwa vizuri, warudi waihariri. Hapo watakuwa wamefanya utafiti wa nyanjani, utungaji na uhakiki kwa mpigo. Nawe mtahiniwa, utakapoulizwa sifa za michezo ya watoto, utakuwa na mfano wako mwenyewe, wa ngazi zenu.

Maswali ya kudurusu

1. "Kanuni za mchezo ni tamthilia isiyo na mazungumzo." Jadili ukirejelea mchezo wa Kanjo.
2. Fafanua kinaya kinachojitokeza katika kanuni ya tano.
3. Andika kanuni ya saba itakayopunguza mamlaka ya mteja, kisha ueleze inavyobadilisha maudhui.
4. Eleza tofauti kati ya kuhifadhi utendaji na kuhifadhi kanuni, kwa kutumia kipera kingine cha maigizo.