Mgeni wa Saa Mbili

Tungo za abiria ashukaye pwani kwa saa mbili zina desturi moja: meli huenda, kisiwa hubaki. Wasomaji wa Unguja wameizoea. Mtalii hushuka bandarini Malindi, huisifu milango ya Mji Mkongwe, kisha honi humwita. Vina hutimia, mizani haipungui, wenyeji hawamo.

Ziwa Nyasa laikosoa desturi hiyo. Ikombe, wilayani Kyela, si kisiwa, ila mgeni wa Matema hupelekwa huko kwa mtumbwi, chini ya Milima ya Livingstone. Huwakuta wanawake wa Kikisi wakifinyanga vyungu. Mtunzi mvivu ataandika kimya, mchanga na machweo. Kumbe vyungu hivyo hupakiwa mitumbwini kwenda gulio la Jumamosi la Lyulilo, na kutoka hapo hufika Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Basi msafiri ni nani?

Ufupi wa ziara si aibu ya shairi. Ubeti nao ni mfupi. Aibu ni kumgeuza mwenyeji kuwa mandhari. Utungo ulioanza na uzito wa chungu utakuwa na la kusema hata mtumbwi ukishang'oa.