Grupu Husomwa kwa Orodha Yake

Juzi, katika kikao cha watu wa matangazo huko mjini, kijana mmoja alilisifu grupu la WhatsApp la mtaa mmoja wa Dagoretti Kusini mpaka nikaomba maji ya kunywa. Sifa yenyewe ilikuwa moja: limejaa. Watu 1,024, jumbe mamia kwa siku. Wenzake wakatikisa vichwa, na mwakilishi wa kampuni fulani akaanza kuulizia bei ya kuwa mfadhili wa jumuiya hiyo. Grupu hilo nalijua. Uliza kama maji yamekatika na kwa jirani, utajibiwa kwa tangazo la duveti na picha ya waridi ya kukutakia Jumatatu njema.

Hiyo 1,024 haikutafutwa na admini yeyote. Ni kikomo kilichowekwa na WhatsApp yenyewe mwaka 2022. Mwaka 2016 kilikuwa 256, na siku hizo ulilazimika kufikiri kabla ya kumwingiza mtu. Kwangu mimi, grupu la mtaa likipita watu 200 limeshageuka stegi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Msiniulize 200 nimeitoa wapi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ukipewa grupu ulipime, achana na gumzo. Panda juu mpaka uikute orodha ya michango. Waithaka, kama kwingine Nairobi, haupiti muda mrefu bila matanga, bili ya hospitali au mtoto aliyekosa karo, na hapo ndipo mweka hazina anapobandika orodha. Mgeni wa kazi hii hukimbilia mstari wa mwisho, ulipoandikwa jumla. Akikuta laki tatu, basi, hilo ni grupu zuri! Jumla haikuambii lolote isipokuwa kwamba kuna watu wenye pesa. Soma majina.

Ujumbe wa M-Pesa huja na majina ya kitambulisho, kwa herufi kubwa, nayo ni majina ambayo hakuna mtu mtaani anayeyatumia. Mweka hazina mvivu huyanakili vilevile yalivyo. Orodha yake inatoka kama daftari la wapiga kura: wageni watupu. Fundi huandika Mama Viazi wa gereji, 50. Kinyozi wa chini, 100. Baba Mapacha, 200, ahadi bado 300. Ili aandike hivyo, ni lazima awe anawajua, na asiyemjua ampigie. Majina sitini ni kazi ya jioni nzima, na hakuna anayemlipa.

Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Waithaka, mweka hazina wa kamati nyingi za mazishi. Usiku mmoja ziliingia shilingi 20 kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Admini alitaka ziwekwe chini ya "wengineo". Mwalimu akakataa, akapiga ile nambari: "Mwanangu, tukuandike nani?" Alikuwa kijana anayesukuma mkokoteni wa maji. Akaandikwa Kijana wa Maji, 20, katika nafasi yake ya kumi na nne, mbele ya mheshimiwa aliyetuma elfu tano dakika chache baadaye. Kwenye matanga hayo mitungi ililetwa mpaka siku ya maziko, na bei haikutajwa.

Hiyo nafasi ya kumi na nne ndiyo jambo la pili. Orodha hupangwa jinsi pesa zilivyoingia. Anayeipanga kwa ukubwa wa mchango mpokonyeni simu. Hamsini ya Mama Viazi ikishushwa mkiani, mara nyingine haitakuja, na yeye ndiye ambaye angelala na wafiwa. Mwaka 2011, ukame ulipoikaba Turkana, kampeni ya michango ya Kenyans for Kenya ilianza na lengo la shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo likapitwa. Kampuni kubwa zilipiga picha na hundi zao, lakini watu walikuwa kwenye simu, wakituma kidogokidogo.

Kalamu iwe moja. Ile desturi ya kila mtu kunakili orodha, kuongeza jina lake na kuibandika upya ni uzembe unaojiita usawa: wawili wakibandika kwa pamoja, mmoja anamezwa, na aliyemezwa hasemi, anakasirika tu. Nambari za simu zisionekane. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019, ingawa mwalimu wangu alizificha kabla ya hapo, kwa adabu tu.

Matapeli nao wana ufundi wao. Wapo wanaowasha moto: wanafungua orodha kwa majina matatu mazito, elfu kumi kila moja, ambayo hayajatuma hata ndururu, ili nyinyi mwaibike na mtoe zaidi. Utawanasa kwa kufuatilia ahadi, kwa maana majina yaleyale hufungua kila orodha na hayafungi hata moja. Wengine hulea grupu la usalama wa mtaa miaka minne kwa subira, kisha uchaguzi ukikaribia mnaamka jina limebadilishwa na sura ya mgombea inawachekea. Mmeuzwa, na pesa hamjaziona.

Mtihani mkubwa ni orodha ya pili, ya matumizi: jeneza, gari, chakula, salio na lilikokwenda. Grupu lisilo na orodha ya pili silipi alama hata kidogo, liwe na upendo kiasi gani. Mwaka 2024, baada ya vijana kuumizwa kwenye maandamano dhidi ya Muswada wa Fedha, mwanaharakati Hanifa Adan aliongoza mchango kupitia jukwaa la michango la M-Changa, na baadaye akatoa hadharani hesabu ya jinsi pesa zilivyotumika. Wengi walishangilia mamilioni. Mimi nilishangilia hesabu.

Mambo mengine nayataja tu. Ujumbe wa sauti unaozidi dakika moja ni dharau. Grupu lenye vikaragosi kwenye jina halidumu. Admini wawili watosha, na mmoja awe mama.

Tulikuwa na watu walioijua kazi hii ya kuwaunganisha majirani kwa simu. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja kule Nakuru, aliyefariki 2015, alitumia Twitter kutangaza kondoo aliyepotea na wezi walioingia kwa mwalimu usiku wa manane. Wengi walizipata habari zake kama SMS kwenye simu za kawaida, na walitoka nje. Siku hizo hata kuondoka kwenye grupu la WhatsApp kulikuwa na uzito, sote tuliona nani katoka na tukaulizana kulikoni. Tangu 2022 unatoka kimyakimya, wanaarifiwa maadmini peke yao, na wengi wao hawana habari hata wakiarifiwa.

Na nyinyi wenye kampuni, mnaopenda sana neno jumuiya, kipimo chenu ni chepesi. Mteja analalamika mbele ya watu wote kwamba unga ulikuwa na wadudu. Mnamjibu, "Pole sana, tafadhali tutumie ujumbe wa faragha." Sawa, nambari yake ilindwe. Lakini wale wengine mia tatu waliosoma na ambao wana pakiti hiyohiyo jikoni, mmewajibu nini?