Mgeni Anayetoka Baharini

Kwa wiki tatu sasa napanga likizo ya siku tisa Lisbon, na mezani nina maandishi mawili. La kwanza ni kitabu cha Fernando Pessoa, Lisbon: What the Tourist Should See. Mshairi huyo wa Ureno alikiandika kwa Kiingereza miaka ya 1920, kikabaki kwenye makaratasi yake, akafa, kikaja kuchapishwa 1992. La pili ni fomu ya viza ya Schengen.

Wapenzi wa Pessoa hukiona kitabu hiki kikavu, na sitabishana nao. Sanamu hii, kanisa lile, mwaka, twende. Yule Pessoa aliyejigawa katika majina kadhaa ya ushairi hayumo kabisa. Ila mwanzo wake hunishika kila ninapoufungua. Mgeni anaingia kwa meli, anauona mji umepanda juu ya vilima vyake, kisha anapakiwa kwenye gari na kuzungushwa. Nahisi mgeni huyo ni Pessoa mwenyewe: alikulia Durban, akarudi Lisbon kwa meli mwaka 1905 akiwa na miaka 17, na hakutoka tena Ureno hadi kufa kwake.

Udhaifu wa kitabu uko hapo hapo panaponishika. Kinaanzia sitahani. Yote yaliyomfikisha mtu pale yameachwa nje, na safari yangu mimi, mpaka leo, ni hayo yaliyoachwa: bima isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri, hoteli, tiketi ya kurudi. Ada ni euro 90, na ukinyimwa viza hairudi. Rafiki yangu alinyimwa mwaka jana; alama ilitiwa kwenye sababu ya kutilia shaka kwamba angeondoka muda wake ukiisha. Kwa hiyo ratiba yangu naiandikia msomaji ambaye tayari haniamini. Kila siku ina anwani. Hakuna jioni ya kutangatanga, ingawa kutangatanga ndiko hasa ninakokutaka.

Siku ya tatu nimeandika Museu Nacional de Arte Antiga. Humo imo Custódia de Belém, chombo cha ibada cha dhahabu kilichokamilika 1506. Dhahabu yenyewe ilitoka Kilwa, kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wake kuilipa mwaka 1502. Ningependa kuyaeleza haya kwenye sehemu ya madhumuni ya safari, lakini kwanza pana visanduku vya kuchagua: utalii, biashara, kutembelea ndugu au marafiki, utamaduni, na vingine. Kalamu ilikaa kwenye “ndugu” kwa muda.

Nikatia tiki kwenye utalii. Ndugu anadaiwa barua ya mwaliko.